Kupima Filamu ya 3200: Mwongozo Kamili kwa Anayepiga Picha za Usiku

Mkanda wangu wa kwanza wa 3200 niliumaliza kwenye harusi moja Tanga, ukumbi wa taa hafifu na feni zinazolia kuliko spika. Kisanduku kilisema 3200, nami nikaweka 3200 kwenye kamera, nikapima ukumbi na kupiga. Nilipousafisha, kanzu zilitoka vizuri, maua yalitoka, hata kamba za taa ukutani zilihesabika. Sura za watu hazikuwepo. Pale alipokaa shangazi, na kanga yake nyeusi mabegani, negativu ilikuwa nyeupe kama kioo cha dirisha. Nililaumu dawa, kisha maji, kisha kamera. Ilinichukua mikanda mingine miwili kukubali kwamba kosa lilikuwa kuiamini namba ya kisanduku bila kuipima.

Mwongozo huu ni wa kuipima. Unahitaji mkanda mmoja wa picha 36, lita moja ya dawa na siku moja isiyo na wageni.

## Namba 3200 imetoka wapi

Kasi ya filamu nyeusi na nyeupe, yaani wepesi wake wa kuona mwanga, ina kanuni yake ya kimataifa, ISO. Maabara huimulika filamu kwa viwango vya mwanga vinavyojulikana, huisafisha kwa namna iliyowekwa, kisha hutafuta mahali ambapo weusi wa negativu umezidi ule wa filamu tupu kwa 0.1. Hapo ndipo kivuli kinapoanza kuonekana, na hapo ndipo kasi inapohesabiwa. Kwa maneno mengine, kasi ni habari ya vivuli. Maeneo yenye mwanga mkali hayaingii katika hesabu hiyo.

Kwa kipimo hicho, Ilford Delta 3200, iliyoingia sokoni 1998, ni filamu ya ISO 1000. Ilford wenyewe wanaandika hivyo kwenye karatasi yao ya maelezo. Kodak T-Max P3200 ilitoka 1988, ikasitishwa 2012 na kurudi 2018. Kodak wanaipa kasi ya 1000 ikisafishwa kwa dawa ya T-Max, na 800 kwa dawa zao nyingine. Herufi P kwenye jina lake inasimama badala ya neno la Kiingereza la kusukuma. Maana yake, filamu imetengenezwa ivumilie kupewa mwanga pungufu kisha kukaa kwenye dawa muda mrefu zaidi.

Toka 1000 hadi 3200 ni stopu moja na theluthi mbili. (Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili, au kuupunguza nusu.) Ukipiga kwa 3200 unavinyima vivuli kiasi hicho cha mwanga, na dawa haiwezi kukirudisha. Kusafisha kwa muda mrefu hunenepesha yale yaliyokwisha kuonwa na filamu, lakini kivuli ambacho filamu haikukiona hakina cha kunenepeshwa.

Sasa tuje kwetu. Katika mfumo wa zoni, uliobuniwa na wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer Marekani karibu na 1940, mwanga wa picha hugawanywa ngazi za stopu mojamoja: Zoni 0 ni weusi mtupu, Zoni V ni kijivu cha katikati, na Zoni VIII ni weupe wenye alama kidogo. Ngozi ya Mzungu kwenye mwanga huwekwa Zoni VI. Ngozi nyeusi hukaa Zoni IV, mara nyingine III kwa mtu mweusi sana, na upande wa shavu usio na taa hushuka zaidi. Ondoa stopu moja na theluthi mbili kwenye Zoni VI: unabaki juu kidogo ya IV, sura ipo na inachapika. Ziondoe kwenye Zoni IV: unabaki na mbili na ushei, yaani sura ni kivuli na macho ni matundu. Ndiyo maana majaribio mengi yanayosifu 3200 kwa sura za London au Chicago hayana uongo, ila hayatufai sisi. Kipimo chako kifanyike kwa ngozi za watu unaowapiga.

## Vitu vya kuwa navyo

Kamera ya milimita 35 unayoitumia kila siku (usiazime), stendi ya miguu mitatu, na kebo ya kubofyea kama ipo. Kipima mwanga cha mkononi ni bora. Cha ndani ya kamera kinafaa pia ikiwa unakipelekea karibu. Ukuta au shuka nene ya rangi moja isiyong'aa. Mtu mmoja mvumilivu, wa rangi ya ngozi unayoipiga zaidi, avae kanga au bui bui nyeusi, na kando yake atundike kanzu nyeupe.

Kwa kusafisha: tangi la mkanda mmoja, mfuko wa giza, kipimajoto kinachoaminika, bomba la sindano la kupimia dawa, na saa. Nimeuandika mwongozo huu kwa dawa ya ID-11 ya unga. Sababu yangu si ya kitaalamu. Unga unasafiri na kutunzwa vizuri kuliko chupa za maji, na fomula yake ni pacha wa D-76 ya Kodak, kwa hiyo unayekuta moja unaweza kuitumia badala ya nyingine. Microphen, nayo ni ya unga, hukupa kasi kidogo zaidi kwenye vivuli, ukiipata, nunua. Lakini usichanganye dawa mbili ndani ya kipimo kimoja.

Pakiti ya lita moja inatosha hasa. Tangi la Paterson la mkanda mmoja linahitaji mililita 290, na tutasafisha mara tatu.

Neno kuhusu mkanda wenyewe. Filamu za kasi huzeeka haraka, na joto la pwani huziongezea umri. Zihifadhi kwenye friji ndani ya kopo lake lililofungwa, na siku ya kutumia itoe saa mbili kabla ya kufungua kopo, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye filamu kama unavyotua kwenye chupa ya soda. Kama imepita uwanja wa ndege, omba ikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za kukagua mizigo ya mkononi, zile zinazopiga picha za pande zote kama za hospitali, huiwekea filamu ya kasi ukungu kwa safari moja tu. Angalia pia namba ya toleo la kiwandani iliyopigwa kwenye kisanduku, na kama unaweza, nunua mikanda kadhaa ya namba hiyohiyo. Ulichokipima kwenye toleo moja hakihamii lingine kwa uhakika.

## Kuandaa mkanda mmoja ufanye kazi ya mitatu

Vitabu husema tumia mikanda mitatu. Kwa bei ya filamu hizi ikishafika hapa, mimi nasema hapana. Tutapiga mfululizo mmoja wa picha 12 mara tatu kwenye mkanda mmoja, kisha tuukate gizani vipande vitatu, kila kimoja kisafishwe kwa muda wake.

Kabla ya yote, itafutie kamera yako kipimo cha kukatia. Chukua mkanda uliokwisha kuharibika, uingize kwenye kamera kama kawaida, funga na usogeze hadi kaunta ionyeshe 1. Fungua mgongo wa kamera, chora kwa kalamu ukingo wa dirisha la picha upande ambao filamu inavutwa kwenda, kisha utoe mkanda na upime toka ncha ya ulimi wake (ule mwanzo wa filamu unaochomoza nje) hadi alama hiyo. Andika umbali huo. Kila kamera ina wake, na mtu mmoja huvuta ulimi zaidi ya mwenzake, kwa hiyo uingize mkanda wa kipimo vilevile ulivyouingiza huu.

Toka mwanzo wa picha moja hadi mwanzo wa inayofuata ni milimita 38, matundu nane ya pembeni. Picha 12 ni milimita 456. Kata kadibodi mbili: ya kwanza iwe na urefu wa umbali wako wa ulimi kuongeza milimita 437, ya pili iwe milimita 456 kamili. Kwa hesabu hiyo mkasi utapita katikati ya picha ya 12, ambayo tutaiacha tupu kwa makusudi.

## Mfululizo wa picha 12

Fanya kazi hii ndani ya nyumba, kwa mwanga wa dirisha, kwa sababu mbili. Nje kuna mwanga mwingi mno kwa filamu hii. Juani, hata kivulini, kamera nyingi hazina shata ya kutosha. Na taa za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hertzi 50. Jicho halioni ila shata ya haraka inaona, na picha mbili za mpangilio mmoja zinatoka tofauti. Siku ya mawingu mazito yaliyotulia ndiyo nzuri kuliko zote. Siku ya mawingu yanayokimbia, ahirisha.

Weka kamera mbele ya ukuta, ukuta ujaze picha yote, na lenzi uiweke kwenye umbali wa mwisho kabisa. Hatutaki chembe za rangi ya ukuta zionekane, tunataka kijivu kitupu.

Chukua mfano huu. Tuseme kipima mwanga, kikiwa kwenye 800, kinasema tundu la lenzi f/8 kwa shata ya 1/15 ya sekunde. Hiyo ni Zoni V. Zoni I ni stopu nne chini yake, yaani f/16 kwa 1/60. Ukihama kasi, unabadilisha shata peke yake:

1. Kifuniko cha lenzi kimefungwa, picha tupu.
2. Zoni I kwa 400: f/16, 1/30.
3. Zoni I kwa 800: f/16, 1/60.
4. Zoni I kwa 1600: f/16, 1/125.
5. Zoni I kwa 3200: f/16, 1/250.
6. Zoni V kwa 800: f/8, 1/15.
7. Zoni VIII kwa 800: f/4, 1/8.
8. Mtu na kanzu, kwa 800.
9. Mtu na kanzu, kwa 1600.
10. Mtu na kanzu, kwa 3200.
11. Kifuniko, tupu.
12. Kifuniko, tupu.

Chumba chako kitakuwa na namba zake, lakini jitahidi uangukie hapohapo kwa kusogea karibu au mbali na dirisha. Shata za katikati, 1/30 hadi 1/250, ndizo kamera za zamani huwa bado zinazisema kweli. Ile 1/1000 ya kamera ya miaka arobaini usiitegemee kwa kipimo. Na usizidi nusu sekunde: Ilford wanasema Delta 3200 haihitaji nyongeza yoyote kati ya 1/2 na 1/10000 ya sekunde, lakini ukivuka hapo filamu huanza kuchoka na hesabu zote zinavurugika.

Kwa picha za 8 hadi 10, mkalishe mtu pembeni mwa dirisha ili nusu ya uso ipate mwanga na nusu isipate. Pima mwanga wa mahali alipo kwa kadi ya kijivu (kijivu cha katikati, kile cha Zoni V), si uso wake. Tunataka tuone uso unaangukia wapi wenyewe.

Pima upya ukuta kabla ya kila mfululizo, na kila picha uiandike kwenye daftari: namba, tundu, shata, saa. Nimewahi kusema nitakumbuka. Sikukumbuka.

Baada ya mfululizo wa tatu, rudisha filamu ndani ya kopo lake, lakini acha ncha ya ulimi ikiwa nje kama kamera yako inaruhusu. Ikiwa imeingia yote, utafungua kopo gizani kwa kifungulia chupa.

## Kukata

Ndani ya mfuko wa giza weka filamu, mkasi, kadibodi mbili, tangi na spuli yake, na makopo mawili yasiyopitisha mwanga. Usiku wa joto mikono hutoka jasho ndani ya mfuko, na filamu yenye unyevu hugoma kuingia kwenye spuli ya plastiki. Oga kwanza, au fanya alfajiri. Chumba chenye giza kamili ni bora kuliko mfuko, ukikipata.

Vuta filamu kwa kufuata kadibodi ya kwanza, kata. Hicho ni kipande A. Fuata kadibodi ya pili, kata, hicho ni B. Kinachobaki ni C. Kata pembe moja ya B na pembe mbili za C ili uzitambue gizani kwa kidole. A kinaingia kwenye tangi, vingine vinasubiri kwenye makopo.

## Kusafisha kwa maji ya pwani

Hapa ndipo vipimo vingi vya pwani hufia. Maji ya bomba ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hufika nyuzi 27 au zaidi, wakati karatasi za kiwandani huandika muda wa nyuzi 20. Nairobi au Arusha mtu hufungua bomba na kuanza kazi. Sisi tunahitaji beseni, maji na barafu.

Usipigane na 20. Chagua joto unaloweza kulishikilia toka mwanzo hadi mwisho. Mimi nimechagua 24. Weka chupa za dawa zote, na galoni ya maji ya kusuuzia, ndani ya beseni la maji yenye vipande vya barafu iliyofungwa kwenye mfuko, na usubiri hadi zote zisome 24. Dawa ya 24 ikifuatwa na maji ya 29 huichosha filamu, na chembe zinavimba. Kipimajoto chako kikikosea nyuzi moja, si neno, mradi ni hichohicho kila mara.

Kwa maji ya kuchanganyia dawa na ya suuzo la mwisho, tumia ya kunywa ya chupa au yaliyochemshwa na kuchujwa. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa yasiyotoka.

Muda wa ID-11 isiyozimuliwa kwa Delta 3200, kwa nyuzi 20, ni dakika 8 kwa 800, 10½ kwa 3200 na 13 kwa 6400. Ndizo nyakati zetu tatu:

A, dakika 8. B, dakika 10½. C, dakika 13.

Kwa nyuzi 24 zinakuwa kama 5½, 7 na 9. Usishuke chini ya dakika 5 kwa dawa yoyote, kwa sababu sekunde za kumimina na kumwaga zinaanza kuwa sehemu kubwa ya kazi na negativu hutoka na mabaka.

Mimina, anza saa, pindua tangi mara nne ndani ya sekunde 10 za kwanza, kisha mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Gonga tangi mezani kila baada ya kupindua ili mapovu yaachie. Namna yako ya kupindua ni sehemu ya kipimo: mwenye mkono mzito hupata negativu nene kuliko mwenye mkono mpole, kwa muda uleule. Anza kumwaga sekunde 10 kabla ya muda kwisha. Fuata na dawa ya kusimamisha kwa sekunde 10, au maji mara mbili, kisha fiksa, dawa ya kuidumisha picha.

Fiksa ya haraka iliyozimuliwa kwa moja na nne huchukua dakika 3 hadi 5. Filamu hizi hula fiksa kuliko za kawaida, kwa hiyo jaribu kwanza ulimi uliokatwa kwenye kipande A: udumbukize, hesabu sekunde hadi uwe wazi, kisha zidisha mara tatu. Suuza kwa kujaza tangi na kupindua mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10. Jaza tena, mara 20. Tundika pasipo na vumbi. Kisha rudia kwa B, na kwa C, kila kimoja na dawa yake mpya.

## Kusoma negativu

Densitometa (chombo cha kupima weusi wa negativu) ikiwepo, soma picha ya 1, iite sifuri, na usome nyingine juu yake. Wengi hatuna. Tunacho kipima mwanga, au kamera ya dijitali, na vinatosha, kwa sababu 0.3 ya weusi ni stopu moja.

Washa kompyuta kibao au simu kubwa, ukurasa mweupe mtupu, mwanga hadi mwisho. Funika yote kwa kadibodi nyeusi yenye dirisha dogo la picha moja, na uinue negativu kidogo ili nukta za kioo zisionekane. Weka kamera ya dijitali juu yake, kila kitu kwa mkono, chumba giza. Tafuta shata inayoipa picha tupu mwangaza fulani kwenye grafu ya kamera, kisha sogeza negativu na uone unahitaji kuongeza theluthi ngapi za stopu ili kufikia mwangaza uleule.

Picha ya Zoni I inayohitaji theluthi moja tu ya stopu zaidi ya picha tupu ndiyo kasi yako ya kweli. Ikiwa ile ya 800 inahitaji zaidi kidogo ya theluthi na ile ya 1600 haihitaji chochote, kasi yako iko kati yao, andika 1000. Usishangae ukikuta 640. Shata yako, lenzi yako, kipima mwanga na kipimajoto vyote viko ndani ya namba hiyo, na ndiyo faida ya kujipimia.

Linganisha sasa Zoni I ya 800 kwenye A, B na C. Utaona jambo la kufundisha: toka dakika 8 hadi 13 kivuli kimepanda kidogo sana. Halafu linganisha Zoni VIII. Hiyo imeruka. Dakika zilizoongezwa zimekwenda karibu zote kwenye kanzu. Tazama na picha tupu pia. Filamu za kasi zina ukungu wa asili, nao huongezeka na muda. Ikiwa picha tupu ya A imekwisha kuwa kijivu kizito, mkanda wako umezeeka au umepigwa na mashine mahali fulani, na kasi unayosoma si ya filamu nzima ya afya.

Zoni VIII inayochapika vizuri huhitaji kama stopu nne zaidi ya picha tupu. Ikipita tano, kanzu itakuwa chokaa kwenye karatasi. Ikiwa haifiki tatu na nusu, chapa zitakuwa za majivu. Kipande kinachokaribia nne ndicho chenye muda wako, lakini kwa anayepiga kwa kasi ya kweli peke yake.

Mwenye enlaja, mashine ya kuchapia negativu kwenye karatasi, ana njia bora zaidi. Weka picha tupu, karatasi ya gredi 2 (ya kontrasti ya kawaida), na utoe vipande vya sekunde mbilimbili hadi uone muda mfupi kuliko wote ambao filamu tupu inatoa weusi usiotofautiana na ule wa pembeni palipopigwa mwanga mtupu. Kwa muda huohuo chapa Zoni I zote nne. Ile ambayo jicho linaitofautisha na weusi kwa shida ndiyo kasi yako. Karatasi ndiyo itakayotundikwa ukutani, si namba.

## Kuchagua namba ya ukumbini

Sasa panga mezani picha za 8, 9 na 10 za vipande vyote vitatu, tisa jumla, na utazame shavu la kivulini na mikunjo ya kanga nyeusi.

Kwa 800 shavu lina ngozi na kanga ina mikunjo. Kwa 1600 kanga imeanza kuwa pande moja, shavu bado lipo. Kwa 3200, kwa kadi ya kijivu, shavu limekwenda, na C haijalirudisha. Imeipa kanzu unene na kuacha shimo pale palepale. Ukiziona tisa hizi kwa macho yako hutahitaji kuhubiriwa tena kuhusu kusukuma filamu.

Lakini usiku hauulizi. Ukumbini huenda ukakuta f/2 na 1/60 kwa 3200, na hakuna pengine pa kwenda. Ninachofanya ni hiki: naacha kupima ukumbi, napima uso. Naweka kipima mwanga 3200, nakisogeza hadi uso wa mtu ujaze eneo la kupimia, upande wenye taa, na napiga kama kinavyosema bila kupunguza chochote. Kipima mwanga hudhani uso ni kijivu cha Zoni V. Kwa filamu ya kweli ya 1000, uso huo unaangukia Zoni III na theluthi, chini kidogo ya mahali pake, bado na ngozi. Kanzu ya jirani, iliyo stopu nne juu ya uso, inafika VII na theluthi. Sasa muda wa B una maana, maana hakuna kitu kinachofika VIII, na nyongeza ya dakika inapandisha kanzu hadi inapostahili. Kupima ukumbi wote kwa 3200 na kupima uso kwa 3200 ni picha mbili zilizoachana kwa stopu nzima, ingawa namba kwenye kamera ni ileile.

Jihadhari na taa iliyo nyuma ya mtu, na taa za jukwaa za bluu na nyekundu. Kipima mwanga na filamu havizioni rangi hizo sawasawa. Kwa wanamuziki wa taarabu chini ya taa nyekundu mimi naongeza stopu moja na naomba mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, asitikisike.

Ukimaliza, chukua mkanda wa pili wa toleo hilohilo, piga usiku halisi mmoja kwa namba ulizochagua, ukate nusu, usafishe nusu ya kwanza kwa muda wako. Ukiona nyembamba, nusu ya pili iongezee dakika moja. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kifuniko cha kila kopo lililobaki frijini: toleo, kasi yako, dawa, joto, dakika. Kwenye makopo yangu ya sasa imeandikwa “1000 kadi, 3200 uso, ID-11, 24, dakika 7”. Toleo lipya likifika, natoa tena kadibodi zangu mbili.